Uzi: Kuunganisha data za anga za mawimbi mengi kwa ajili ya kusoma galaksi – fluksi zinapotea wapi, na kwa nini

#1 Kilimia

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotumia picha na katalogi za upimaji wa anga kwa mawimbi mengi ili kufuatilia galaksi zinavyobadilika kadiri ulimwengu unavyozeeka. Data ziko wazi, mwenye intaneti anapakua. Kazi ngumu ni moja: kuhakikisha kwamba fluksi (kiasi cha mwanga kinachotufikia) ya urujuanimno, ya mwanga wa kawaida, ya infraredi na ya redio ulizozipanga kwenye mstari mmoja wa jedwali zimetoka kweli kwenye galaksi moja, tena kwenye sehemu ileile ya galaksi hiyo. Ukikosea hapo, tungamo la nyota, umri na kasi ya uzazi wa nyota vyote vinaharibika, na programu haitakuonya. Itakupa jibu lenye kosa dogo linaloonekana zuri.

Kila wimbi lina habari yake. Nyota changa na kubwa hung'aa kwenye urujuanimno, lakini vumbi huunyonya mwanga huo na kuutoa upya kwenye infraredi ya mbali, kilele kikiwa karibu na mikroni 100. Nyota kuukuu, ambazo ndizo zimebeba sehemu kubwa ya tungamo, huonekana vizuri kwenye mikroni 1 hadi 2. Eksirei huonyesha shimo jeusi linalomeza gesi. Redio ya sentimita hutokana zaidi na elektroni zilizorushwa na milipuko ya nyota kubwa zikizunguka kwenye uga wa sumaku, na vumbi haliizuii.

Kisha mhamo mwekundu (z), yaani kurefuka kwa mawimbi kadiri ulimwengu unavyopanuka, unasogeza kila kitu: wimbi tunalopokea ni lile la galaksi mara (1+z). Kwenye z = 2, kichujio cha mikroni 24 cha darubini ya Spitzer kinaona mikroni 8 za galaksi yenyewe. Kichujio cha F814W cha Hubble kinaona takriban angstromu 2,700, kwa hiyo "umbo" unalolipima ni la mabonge ya nyota changa, wakati diski yenyewe inaweza kuwa haionekani kabisa. Ukitaka umbo la nyota kuukuu kwenye z hiyo, tumia F160W ya Hubble (mikroni 1.6), au picha za James Webb kwenye mawimbi marefu zaidi.

Mzizi wa matatizo ni ukali wa picha, yaani upana wa doa ambalo nukta moja ya mwanga inaacha. Sekunde zote nitakazotaja ni za tao (1/3600 ya digrii). Hubble ina takriban 0.1. Picha nzuri kutoka ardhini, 0.6 hadi 0.8. IRAC ya Spitzer kwenye mikroni 3.6, takriban 1.7. GALEX ya urujuanimno, 4 hadi 5 na kidogo. MIPS ya Spitzer kwenye mikroni 24, takriban 6. SPIRE ya darubini ya Herschel (infraredi ya mbali) kwenye mikroni 250, 350 na 500: 18, 25 na 36. Darubini ya redio ya VLA kwenye gigahezi 3, katika eneo la anga liitwalo COSMOS, ina 0.75. Kwa hiyo kutoka Hubble hadi SPIRE doa la nukta moja linapanuka zaidi ya mara 300. Yote yatakayofuata kwenye uzi huu yanazunguka tofauti hiyo.

Karibuni, twende hatua kwa hatua.

#2 MchangaWaNuru

Asante kwa bandiko, mkuu. Swali la kwanza: kuna ubaya gani kuchukua katalogi mbili, kuziweka kwenye programu ya TOPCAT, kuziunganisha kwa mahali angani ndani ya sekunde 1, na chanzo kilicho karibu zaidi ndicho kichukuliwe?

#3 Kilimia

Inategemea msongamano wa vyanzo, na hesabu yake ni ya dakika moja. Uwezekano wa kumpata jirani asiyehusika ndani ya nusu kipenyo r ni 1 − exp(−π r² n), n ikiwa idadi ya vyanzo kwa sekunde moja ya mraba.

Chukua COSMOS2020, katalogi ya eneo la COSMOS. Ina takriban vyanzo milioni 1.7 kwenye takriban digrii 2 za mraba. Hiyo ni n ya takriban 0.066. Ukitumia r = 1, uwezekano wa jirani wa bahati ni karibu asilimia 19. Ukitumia 0.5, unashuka hadi asilimia 5. Kwa Chandra (eksirei) au VLA, ambazo mahali pa chanzo panajulikana vizuri, 0.5 hadi 0.8 inatosha na huna sababu ya kwenda zaidi.

Sasa jaribu Herschel. Ndani ya doa la mikroni 250, yaani nusu kipenyo cha sekunde 9, mna vyanzo karibu 17 vya katalogi hiyo. Ndani ya doa la mikroni 500 mna zaidi ya 60. "Aliye karibu zaidi" hapo hana maana yoyote. Njia ya kuunganisha kwa mahali inaishia pale doa linapokuwa kubwa kuliko umbali wa kawaida kati ya majirani. Baada ya hapo ni njia nyingine kabisa.

#4 Zohali_7

Naongeza mambo mawili kabla hatujahamia Herschel.

Kabla ya kuunganisha chochote, chora tofauti za mahali: ΔRA × cos(Dec) dhidi ya ΔDec (RA na Dec ni kama longitudo na latitudo za angani) kwa vyanzo angavu vilivyo peke yake. Wingu likiwa halipo kwenye sifuri, sahihisha kwanza. Katalogi nyingi za kabla ya Gaia, setilaiti iliyopima mahali pa nyota, zina mhamo wa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na wakati mwingine mhamo unabadilika kutoka kona moja ya picha hadi nyingine, kwa hiyo namba moja ya wastani haitoshi. Gawa eneo katika vipande, pima kila kipande. Wengi husahau cos(Dec). Kwenye COSMOS haionekani kwa sababu eneo liko karibu na ikweta ya anga, ila ukienda eneo la GOODS-North, kwenye Dec ya +62, kosa linakuwa zaidi ya mara mbili.

La pili, kwa eksirei na infraredi ya kati usitumie umbali peke yake. Tumia uwiano wa uwezekano: umbali ukilinganishwa na kosa la mahali, pamoja na mng'ao wa mgombea ukilinganishwa na msongamano wa vitu vya mng'ao huo. Galaksi ya magnitudo 21 (namba ikipanda, mng'ao unashuka) kwenye kichujio cha Ks cha infraredi ya karibu, iliyo umbali wa sekunde 1.5 mara nyingi ndiyo chanzo halisi kuliko kidoa cha magnitudo 25 kilicho umbali wa 0.6, kwa sababu vidoa vya 25 vimejaa kila mahali.

#5 Nuru_ya_Kale

Nipokee upande wa Herschel, maana hapo ndipo watu wengi wanaumia.

SPIRE ina kikomo kinachotokana na msongamano wenyewe wa galaksi: takriban miliJansky (Jansky ni kipimo cha fluksi) 5.8, 6.3 na 6.8 kwa doa kwenye mikroni 250, 350 na 500. Hii si kelele ya kifaa. Hata darubini ile ingeangalia sehemu hiyo kwa mwaka mzima isingeshuka chini ya hapo, kwa sababu ni mwanga halisi wa galaksi ndogondogo zilizorundikana. Katalogi za "vyanzo vilivyoonekana bila msaada" zina fluksi zilizovimba, hasa karibu na kikomo. Chanzo kimoja cha mikroni 500 mara nyingi ni galaksi mbili au tatu, darubini ya ALMA imeonyesha hivyo tena na tena.

Njia inayofanya kazi ni kutumia mahali panapojulikana tayari kutoka picha kali, kisha kuuliza: ni fluksi gani za vyanzo hivi, zikitiwa ukungu wa PSF ya SPIRE (namna mwanga wa nyota moja unavyotawanyika kwenye picha), zinazotoa ramani hii? Programu ya XID+ hufanya hivyo na kukupa usambazaji mzima wa uwezekano kwa kila chanzo, si namba moja tu. Ila inadai uchague orodha ya mwanzo kwa busara:

Ukiipa vyanzo vyote vya COSMOS2020, kumi na saba kwa kila doa, haina namna ya kujua nani kabeba fluksi. Itaigawa ovyo, na makosa yatakuwa makubwa kuliko fluksi zenyewe. Lenga takriban chanzo kimoja kwa doa la mikroni 250. Orodha nzuri ni vyanzo vilivyoonekana kwenye mikroni 24 au kwenye redio, kwa sababu hivyo ndivyo vyenye vumbi na uzazi wa nyota. Orodha ikiwa fupi mno nayo inaharibu: fluksi ya galaksi uliyoiacha nje inaingia kwa jirani. Kwa hiyo baada ya kukokotoa, angalia ramani ya mabaki. Madoa meusi maana yake umetoa kupita kiasi, madoa meupe maana yake kuna chanzo umekiacha. Usiruke hatua hii.

Na ramani za SPIRE ziko kwenye Jansky kwa doa. Kwa chanzo cha nukta, soma thamani ya kilele. Ukijumlisha pikseli kana kwamba ni picha ya kawaida, unapata namba isiyo na maana.

#6 MchangaWaNuru

Nimekusoma. Kwa picha zenye ukali unaokaribiana, kama Hubble, Subaru na VISTA, je, nipime kila picha kwa duara la sekunde 2 na kuendelea?

#7 Zohali_7

Hapana. Duara la sekunde 2 kwenye picha yenye ukali wa 0.6 linakamata sehemu kubwa ya mwanga kuliko duara hilohilo kwenye picha ya 0.9. Tofauti hiyo inageuka kuwa rangi ya uongo, na rangi ndiyo inayokupa mhamo mwekundu. Lazima PSF zilinganishwe kwanza. Utaratibu ni huu:

1. Leta picha zote kwenye gridi moja ya pikseli kwa programu ya SWarp. COSMOS hutumia pikseli ya sekunde 0.15. Bila gridi moja, SExtractor (programu ya kutambua na kupima vyanzo) haiwezi kutambua kwenye picha moja na kupima kwenye nyingine.

2. Chagua nyota 50 hadi 100 ambazo hazijajaza kamera. Chora nusu kipenyo cha mwanga dhidi ya magnitudo. Nyota zinakaa kwenye mstari ulio wima au mlalo kutegemea ulivyochora, chini ya galaksi. Usichukue tu nyota za Gaia bila kuangalia, kwani angavu kati yao zimekwisha kujaa kwenye picha za kina.

3. Zikate, zipange kwa kitovu sahihi kuliko pikseli, ziweke kwenye kipimo kimoja, chukua wastani wa kati. Kipande kiwe kipana vya kutosha kubeba mabawa ya PSF. Kipande kifupi ndicho chanzo cha kosa la asilimia 3 hadi 5 ambalo watu hulitafuta mahali pengine.

4. Tengeneza kerneli ya kuigeuza kila PSF kuwa ile pana zaidi kati ya zile unazolinganisha. pypher inafanya hivyo, photutils pia. Kamwe usijaribu kutoka pana kwenda nyembamba: unagawanya kwa namba karibu na sifuri na kerneli inajaa mawimbi ya pete.

5. Hakiki kwa mkunjo wa ukuaji, yaani mwanga unavyoongezeka duara linapopanuka. Uwiano wa mwanga wa nyota ndani ya duara lako, kabla ya kuingia kwenye galaksi, uwe ndani ya asilimia 1 hadi 2 kwa vichujio vyote.

Usishushe picha zote hadi ukali wa IRAC. Utaharibu vichujio kumi na tano ili kumfurahisha mmoja. IRAC inashughulikiwa kwa programu za T-PHOT au The Tractor, ambayo ndiyo iliyo ndani ya The Farmer, programu ya fotometria ya COSMOS2020.

#8 Kilimia

Kwenye IRAC niseme kwa uzito, kwa sababu hapa ndipo kosa la fotometria linabadilisha hitimisho la sayansi moja kwa moja.

Kutofautisha galaksi zilizozima na zinazozaa nyota, wengi hutumia mchoro wa U−V dhidi ya V−J, rangi (tofauti ya magnitudo kati ya vichujio viwili) zikiwa za galaksi yenyewe. Kwa z kati ya 1 na 2, mpaka uliozoeleka ni U−V > 0.88 × (V−J) + 0.49, pamoja na U−V > 1.3 na V−J < 1.6. Kwenye z = 2, J ya galaksi inaangukia mikroni 3.75, katikati ya vichujio viwili vya kwanza vya IRAC. Sasa tuseme jirani amemwaga asilimia 30 ya fluksi ya ziada ndani ya kipimo chako. V−J inakuwa nyekundu kwa magnitudo 0.28. Hiyo inatosha kabisa kumvusha aliyezima akaonekana anazaa nyota ndani ya vumbi. Idadi ya galaksi zilizozima inapungua, na mtu anaandika kwamba kuzima kulichelewa, kumbe ni ukungu wa IRAC.

Kwa T-PHOT, kiolezo cha kila galaksi ni kipande chake kwenye picha kali kikitiwa kerneli. Tatizo lake kubwa ni kwamba PSF ya IRAC haina ulinganifu na huzunguka kulingana na mkao wa darubini siku ya kupiga picha. Picha iliyounganishwa kutoka mikao mingi ina PSF tofauti kila mahali. Kerneli moja kwa eneo zima itaacha mabaki yenye umbo la pembetatu kuzunguka kila chanzo angavu. Ukiyaona, tengeneza kerneli kwa kila kipande cha eneo.

#9 Kiolezo_Nne

Nadhani kuna suala la makosa ya fluksi ambalo halijaguswa. Ukishapanga picha upya kwenye gridi mpya na kuzitia ukungu, kelele ya pikseli jirani inashikamana. SExtractor inadhani kila pikseli iko peke yake, hivyo inatoa kosa dogo mno, wakati mwingine mara mbili au tatu chini ya uhalisia.

Dawa ni duara tupu. Funika vyanzo vyote, tupa maelfu ya maduara sehemu zisizo na kitu, pima mtawanyiko wa fluksi zake. Rudia kwa vipenyo mbalimbali. Mtawanyiko utakua kama idadi ya pikseli ikipandishwa kwenye kipeo β: 0.5 ikiwa pikseli hazishikamani kabisa, 1 zikishikamana zote, na picha halisi hukaa katikati. Tumia mkunjo huo kusahihisha kosa la kila kichujio, ukizingatia kina cha mahali husika kwenye ramani ya uzito, kwani kingo za picha huwa na kina kidogo.

Fluksi hasi zisifutwe. Galaksi isiyoonekana kwenye kichujio cha u (urujuanimno wa karibu) na ikapewa fluksi ya −0.01 ± 0.02 ina habari kamili: inasema hakuna mwanga hapo. Ukiiandika "haipo", umetupa ushahidi bora wa mkato wa Lyman, pale hidrojeni inapomeza mwanga wa mawimbi mafupi wa galaksi ya mbali.

#10 Tao_na_Sekunde

Vipimo, vipimo, vipimo. Orodha ya makosa ninayoona yakirudiwa kwenye maswali ya watu:

Magnitudo ya AB ni 23.9 − 2.5 log f, f ikiwa mikroJansky. Darubini ya WISE hutoa magnitudo za Vega, mfumo mwingine wenye sifuri tofauti. Kwenda AB unaongeza 2.699 kwa W1, 3.339 kwa W2, 5.174 kwa W3 na 6.620 kwa W4. Ukisahau, W1 inang'aa mara 12 zaidi, na W4 zaidi ya mara 440. Programu itatafuta vumbi la ajabu na shimo jeusi kuelezea hilo.

Katalogi za 3D-HST zina fluksi zenye sifuri ya magnitudo 25, si 23.9. Zidisha kwa 0.363 kupata mikroJansky. Ukiacha hivyo, rangi zote zinabaki sahihi na mhamo mwekundu unatoka vizuri, ndiyo maana kosa halionekani. Tungamo la nyota linapanda kwa mara 2.75.

Picha za IRAC na za NIRCam (kamera ya James Webb) huja kwa megaJansky kwa steradiani. MJy/sr moja ni mikroJansky 23.5 kwa sekunde ya mraba. Kwa pikseli ya sekunde 0.6 hiyo ni 8.46 kwa pikseli. Kwa pikseli ya 0.03 ni 0.0212. Badilisha kila unapobadilisha ukubwa wa pikseli.

Kati ya programu za kukokotoa tungamo la nyota, CIGALE inataka miliJansky. Prospector inataka fluksi iliyogawanywa kwa Jansky 3631. Halafu alama za "hakuna data": CIGALE hutambua NaN au namba iliyo chini ya −9990. Katalogi nyingi huandika −99. CIGALE itaisoma −99 kama fluksi halisi! Na kosa lenye alama hasi inalichukulia kuwa kikomo cha juu, kwa hiyo −99 kwenye safu ya makosa nayo inabadilisha maana kimyakimya.

Vumbi la galaksi yetu pia. Kwa E(B−V), kipimo cha wekundu unaoletwa na vumbi, ya 0.02 tu, u ya SDSS inapungua magnitudo 0.085 na kichujio cha z cha SDSS (si mhamo mwekundu) 0.025. Angalia maelezo ya katalogi kama wamekwisha kusahihisha. Kusahihisha mara mbili ni kosa la kawaida kuliko kutosahihisha.

#11 MchangaWaNuru

Hiyo ya −99 imenifungua macho. Tukienda kwenye mhamo mwekundu kwa rangi: programu za EAZY na LePhare zinatoa vilele viwili vya uwezekano kwa galaksi nyingi hafifu. Ni kipi cha kuamini?

#12 Nuru_ya_Kale

Usiamini kilele, beba usambazaji mzima. Sababu ya vilele viwili ni hii: mkato wa Lyman kwenye angstromu 1216 na mkato wa 4000 vinafanana kwenye vichujio vipana. Mkato ukiuona kwenye angstromu 4,860, unaweza kuwa z = 3 au z = 0.2. Kinachoamua ni kichujio cha u chenye kina kwa upande mmoja na infraredi ya karibu kwa upande mwingine. Galaksi ya z = 3 ina mkato wa pili karibu na mikroni 1.6, ile ya 0.2 haina. Ukikosa vichujio vya H na Ks vya infraredi ya karibu, hakuna programu itakayokuokoa.

Mfano unaojulikana ni galaksi ya CEERS-93316. Rangi za James Webb ziliipa z ya takriban 16. Spektra ya NIRSpec, kifaa kingine cha James Webb, ikatoa 4.9. Kilichotokea ni mistari mikali ya spektra: kwenye z = 4.9, mstari wa oksijeni wa angstromu 5007 unaangukia mikroni 2.95, ndani ya F277W, na Hα (mstari wa hidrojeni) inaangukia mikroni 3.87, ndani ya F356W na mwanzoni mwa F410M. Vichujio vya mawimbi marefu vikavimba kwa mistari, vifupi vikapungua kwa vumbi, na matokeo yakafanana na mkato wa Lyman kwenye mikroni 2.1. Violezo visivyo na mistari mikali pamoja na vumbi haviwezi hata kuona kilele cha pili.

Kuhakiki, Δz ikiwa tofauti kati ya z ya rangi na z ya spektra: tumia 1.48 × mediani ya |Δz − mediani ya Δz| / (1+z), na asilimia ya wenye |Δz| > 0.15 × (1+z). Lakini kumbuka galaksi zenye spektra ni zile angavu. Asilimia 1 ya makosa kwa magnitudo 22 haisemi chochote kuhusu magnitudo 26. Toa takwimu kwa kila daraja la mng'ao.

Marekebisho ya sifuri za vichujio yanayotoka kwenye ulinganisho na spektra yakizidi magnitudo 0.1, usiyatumie tu na kuendelea. Kuna kitu kimevunjika: PSF, Vega dhidi ya AB, au mkunjo wa kichujio usio sahihi.

#13 Kiolezo_Nne

Kuhusu kukokotoa tungamo na kasi ya uzazi wa nyota kwa CIGALE au MAGPHYS: napendekeza kila mtu atumie mizani ya nishati, mwanga ulionyonywa na vumbi kwenye urujuanimno uwe sawa na unaotoka kwenye infraredi. Inavunja utata kati ya umri na vumbi vizuri kuliko kitu kingine chochote.

#14 Zohali_7

Kwa galaksi nyingi nakubali. Kwa zenye vumbi zito, kama zile za SPIRE na za mikroni 850, nasita, na sababu ni ya kimaumbile. Picha za ALMA zinaonyesha kwamba kwenye baadhi yake vumbi linalong'aa limekaa kwenye kitovu kidogo, huku urujuanimno ukitoka pembeni. Nyota unazoziona si zile zinazopasha vumbi moto. Mizani ya nishati inalazimisha sehemu mbili tofauti ziwe kitu kimoja, na programu inalipa deni hilo kwa kubadilisha umri au mkunjo wa vumbi.

Jaribio rahisi: kokotoa mara mbili, mara ya kwanza kwa urujuanimno hadi IRAC pekee, mara ya pili kwa infraredi ya mbali pekee. Linganisha mwanga wa vumbi unaotabiriwa na wa kwanza na ule uliopimwa na wa pili. Vikitofautiana kwa zaidi ya mara tatu, usivilazimishe pamoja.

#15 Kiolezo_Nne

Hoja imeeleweka, na jaribio hilo ni zuri. Nabadilisha pendekezo: mizani kwa galaksi za kawaida, na jaribio la mara mbili kwa kila iliyoonekana kwenye SPIRE. Kwa makadirio ya haraka bado kuna fomula ya kasi = 1.09 × 10⁻¹⁰ × (L_IR + 2.2 L_UV), mng'ao ukiwa kwa vipimo vya Jua na jibu likiwa tungamo za Jua kwa mwaka. Kwa zilizozima inazidisha, kwa sababu nyota kuukuu nazo hupasha vumbi moto.

Na mtu aandike ametumia mgawanyo gani wa tungamo za nyota. Salpeter hutoa tungamo kubwa kuliko Chabrier kwa takriban mara 1.7. Kuchora matokeo ya watu wawili pamoja bila kubadilisha ni kutengeneza mageuzi ambayo hayapo.

#16 Tao_na_Sekunde

Redio kwa ufupi. Ukiwa na fluksi ya gigahezi 3 na mteremko wa −0.7, kwenda 1.4 zidisha kwa 1.7. Kwenye mng'ao, zidisha pia kwa (1+z)^−0.3. Anayesahau kipengele hicho anapata mng'ao wa ziada wa karibu asilimia 40 kwenye z = 2, na anadhani uhusiano wa redio na infraredi umebadilika kadiri ya wakati. Vyanzo vyenye redio nyingi kuliko infraredi yake inavyoruhusu, viweke pembeni: hapo ni shimo jeusi, si uzazi wa nyota. Eksirei juu ya 10⁴² erg kwa sekunde, hali kadhalika. Hivyo vinahitaji violezo vyake, na kwa sababu hubadilika mng'ao, vichujio vilivyopigwa miaka tofauti vinaweza kutoa rangi ya uongo kabisa.

#17 MchangaWaNuru

Swali la mwisho kwa upande wangu. Mtu anayeanza leo achague eneo gani, na aanze na ukubwa gani wa sampuli?

#18 Kilimia

Kwa mawimbi mengi kwa pamoja, eneo la ECDFS au la COSMOS. ECDFS ndani yake ina Chandra ya sekunde milioni 7 (hizi ni za muda wa kupiga picha), picha za Hubble za CANDELS kwenye GOODS-South, James Webb, upimaji wa redio wa MIGHTEE wa MeerKAT, na iko kwenye data za awali za darubini ya Rubin zilizotolewa tarehe 30 Juni 2025. COSMOS ni pana zaidi, na COSMOS-Web imeongeza NIRCam kwenye digrii 0.54 za mraba kwa vichujio F115W, F150W, F277W na F444W. Picha za MeerKAT zina ukali wa takriban sekunde 5 hadi 9, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya #3 kabla ya kuziunganisha. Darubini ya Euclid ilitoa digrii 63 za mraba Machi 2025, na hiyo ni nzuri kwa vitu adimu, ila haina infraredi ya mbali yake yenyewe.

Eneo moja halitoshi kwa hesabu ya idadi. COSMOS ina mrundikano mkubwa kama Hyperion kwenye z ya takriban 2.45, na galaksi zilizo ndani yake haziwakilishi wastani. Ndiyo maana CANDELS waligawa kazi yao kwenye maeneo matano yaliyo mbali.

Kikomo cha tungamo kikokotoe mwenyewe kwa kila z: chukua asilimia 20 ya galaksi hafifu zaidi, kwa kila moja pata log M + 0.4 × (m − m_kikomo), kisha chukua thamani ambayo asilimia 90 ziko chini yake. Usitumie galaksi zilizo chini ya hapo kwenye takwimu yoyote ya mageuzi, kwa sababu zilizozima hupotea kabla ya zinazozaa nyota.

Sampuli ya kuanzia: galaksi 500 zenye spektra za kuaminika. Kwa zCOSMOS, katalogi ya spektra, chukua daraja la uhakika la 3 na 4, acha 1 na 2. Ziwe zimesambaa kutoka z = 0.1 hadi 3 na kwa mng'ao tofauti. Pitisha mnyororo wote, kuanzia mahali angani hadi tungamo, na ufungue picha za mabaki za IRAC kwa macho yako, zote 500. Inachukua mchana mmoja. Baada ya hapo ndipo uendeshe milioni.

#19 Zohali_7

Kwenye hizo 500, weka angalau 50 zilizo na jirani ndani ya sekunde 2. Sampuli za spektra huwa na galaksi zilizojitenga, kwa sababu waliopanga nyuzi na vipenyo vya spektra waliziepuka zilizobanana. Usipoziongeza kwa makusudi, mnyororo wako utafaulu mtihani ambao katalogi kamili haitaufanya.